Nimemchora Baba Mkwe Akimpigilia Yesu Misumari

Shangazi Beatha, shikamoo. Naomba unisome redioni kabla ya Jumapili, maana mwanao chakula hakipiti. Mimi ni mchoraji, sijaajiriwa na mtu, nachora mabango ya saluni na hoteli za Makambako, na nyumbani hapa kijijini nachora kwa raha yangu tu, asubuhi kukiwa na ukungu nakaa jikoni karibu na moto na vipande vyangu vya mkaa na karatasi za mfuko wa saruji, nachora chochote kinachopita mlangoni, kuku, mama mkwe akimenya viazi, na siku nikiipata rangi niliyokuwa naitafuta nasahau hata chai inachemka inamwagika. Sasa kigango chetu, kanisa dogo la hapa kijijini, kikanipa kazi ya kuchora vituo vyote vya Njia ya Msalaba, na aliyenipigania kwenye halmashauri ya kanisa ni baba mkwe, ndiye mwenyekiti, yule yule ambaye mwanzo alimkataza mwanawe asinioe kwa kuwa nimetoka Makete na kazi yangu haieleweki, safari hii akasimama akasema, "Mkwe wangu anaweza," na fremu zote akazitengeneza mwenyewe, maana ni seremala.

Nikachora vizuri mpaka kituo cha kumi na moja, Yesu anapigiliwa msalabani. Askari mwenye nyundo akanishinda, kila nikimchora anakuwa kama mtu anayeua nzi. Ndipo nikaanza kuchungulia dirisha la jikoni, karakana ya baba mkwe iko mkabala, nikatazama bega linavyopanda, mkono unavyoshika nyundo, misumari anavyoibana mdomoni, nikachora kwa furaha ambayo sijawahi kuipata, na Mungu ni shahidi, mkono ule ni kitu bora nilichowahi kuchora. Picha nikaitundika mwenyewe kanisani, nikaifunika kwa khanga mpaka siku ya kubarikiwa. Juzi mke wa katekista kaja kufagia kanisa, kafunua, kashika mdomo: "Mama yangu! Si mwenyekiti huyu?" Nikasogea nikatazama, shangazi. Ni yeye mpaka kovu la kwenye nyusi.

Tena si hilo tu. Kwenye ukoo wa mume wangu mkwe hamkazii macho baba mkwe, nikipishana naye nainama, nikiwa na neno napitishia kwa mama mkwe, tangu niolewe hatujawahi kutazamana. Sasa watu watauliza lile kovu nimelijulia wapi. Jumapili padre anakuja kubariki, na atakayebeba msalaba kituo hadi kituo ni baba mkwe, atafika pale asimame mbele ya sura yake mwenyewe, na kanisa zima litasema nimelipiza kisasi. Mume wangu yuko Makambako kwenye mbao, nimempigia kasema futa haraka mzee asijue. Nashika brashi, mkono unakataa. Nifute, au niseme naumwa nikimbilie kwetu? Tafadhali usitaje jina langu.

Shangazi Beatha anajibu:

Marahaba mwanangu. Pole, nimesikia moyo wako unavyokwenda mbio, lakini ngoja kwanza nikugombeze. Umechukua sura ya mtu kwa kuchungulia dirishani, ukaitundika kanisani kwenye mwili wa askari anayemsulubisha Bwana, na hukuona ulichofanya mpaka mke wa katekista akuonyeshe? Jamani! Raha ya kazi ilikupofusha. Kuchora unajua, kuomba ruhusa hujui.

Kisasi mimi sikioni. Mwenye kisasi hafurahii mkono wa mtu aliyemuudhi. Ulimtazama mzee akifanya kazi yake, ukampenda kama baba, basi, ila yeye hajui hilo na picha haitamwambia.

Mumeo amekosea. Ukifuta kimya kimya, habari itamfikia mzee imeshatiwa chumvi, na juu ya hayo atajua ulimficha. Na hiyo ya kukimbilia Makete ndiyo usinitajie tena! Mtu aliyesimama mbele ya wenzake akakutetea, wewe unamwachia aibu abebe peke yake pamoja na msalaba?

Mzee usimwendee moja kwa moja. Ziheshimu mila za nyumba uliyoolewa, mlango wako ni mama mkwe. Mwambie yote, na dirisha pia, usiruke. Yeye ampeleke mumewe kanisani kabla ya Jumapili, wakiwa wawili tu, wafunue. Wewe kaa nje na rangi zako. Mzee akisema futa, ingia ufute, bila kununa wala kulia. Ni picha nzuri, naamini, lakini sura ni yake. Akisema iache, basi Jumapili atasimama pale akijua anachokitazama, na waumini watafunga midomo.

Na jambo jingine. Umeniomba nisitaje jina lako, sijalitaja. Lakini niambie, hapo kwenu wanaochora Njia ya Msalaba mko wangapi? Wewe ulijua barua hii ikisomwa tu, nyumba nzima itakutambua. Kusema uliogopa, ukanituma mimi. Haya, nimekusemea. Mama mkwe wako ameshasikia, na huenda mzee naye amesimamisha kazi anasikiliza. Zima redio, mwanangu, umfuate mama mkwe kabla hajakuita.