Mwisho ya filme yenye Patient alipenda

Kamembe, siku ya ine

Shushu wangu, ile filme ya kuchekesha, ya bapenzi benye kuishi mbali na mbali, nimeimaliza. Patient, mupenzi wangu mwenye eko anatumika Kisangani, aliniandikia: «Nimeiangalia. Mwisho yake ndiyo jibu yangu juu ya ndoa.»

Mie niliangalia agasobanuye, yenye muntu anaeleza mu Kinyarwanda juu ya sauti ya filme. Mwisho ule muelezaji akasema: «Binti amekubali, banaoana.» Nikaambia Maman.

Leo dada yangu Odile ameangalia ile ya Kifaransa. Anacheka: «We, muelezaji wako alijitungia. Bale banaachana.»

Na kule Kisangani agasobanuye haiko; Patient aliangalia ile ya Kifaransa.

Sikulia, nilisikia njaa tu. Ila Maman ameshapeleka kitenge ya ndoa kwa mushonaji. Kumuuliza Patient, naogopa. Kunyamaza pia...

Weye ungefanya nini?