Nyama ya Arobaini

Jumapili jioni, hapa mtaani kwetu Picha ya Ndege. Kumepoa baada ya mvua, na gauni nililorudi nalo kutoka Chole bado linanuka moshi wa nyama ingawa nimeshalifua. Nimechoka, na nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi, kwa hiyo naileta hapa.

Jana tulimaliza arobaini ya mume wangu, Baba Neema, nyumbani kwao Chole. Alikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Ili kumuenzi, ukoo ukachinja ng'ombe.

Sisemi watu wasile. Wageni walitoka mbali, na arobaini isiyo na nyama ingesemwa mwaka mzima. Lakini iliniuma kuona mafuta yanadondokea makaa na watu wanagombea vipande vilivyoungua pembeni, eti ndivyo alivyovipenda marehemu. Kweli alivipenda. Kila Jumamosi alikuwa anachoma mwenyewe hapa uani, na siku za kazi alikunywa chai na soseji ndipo aondoke kwenda Dar. Ukimwambia apunguze, anakujibu kwamba majani alishayamaliza alipokuwa shule ya bweni.

Nilimbana sana daktari aniambie ni nyama iliyomuua. Nilitaka iwe nyama, nipate kitu cha kuchukia. Hakunidanganya. Alisema nyama nyekundu ikizidi huongeza hatari, na hizi za viwandani kama soseji ndizo zaidi, lakini kwa mtu mmoja hawezi kunyoosha kidole akasema ni hii. Kilichomsikitisha yeye ni kwamba tulichelewa. Damu ilikuwa inatoka chooni miezi na miezi, Baba Neema anasema ni bawasiri, anakunywa mizizi aliyotumiwa na mama yake.

Alipoanza matibabu nikawa nampikia mchicha, maharage na samaki, kama nilivyoelekezwa. Wageni wakija na supu ya makongoro ili apate nguvu, naipokea kwa asante na kuiweka pembeni. Hilo halikusahaulika. Jana mama mkwe alisimama kushukuru watu, akasema, "Kuleni mshibe. Mwanangu siku zake za mwisho alinyimwa hata nyama."

Watu wakaguna. Mimi nikaangalia sahani yangu.

Na nilikula. Nilikula, na ilikuwa tamu, na hilo linanichoma kuliko maneno ya mama mkwe.

Aliyekuwa anachoma ni Elia, mdogo wake marehemu. Huyu ndiye shemeji yangu wa utani, ananiita mke wake tangu siku niliyoolewa. Nikaona mchana kutwa hakai. Anakula amesimama, anaongea amesimama. Nikamtania, nikamuuliza kama viti vya kwao vimeota miiba. Akacheka, kisha akanisogelea.

"Bawasiri tu, shemeji. Inatoa damu kidogo. Mama ananichemshia ile mizizi ya kaka."

Mizizi ya kaka!

Utani uliniisha. Nilimvuta nyuma ya nyumba, nikamwambia huenda kweli ni bawasiri, lakini wa kusema ni daktari, si mama wala mimi. Tena tulishaambiwa ndugu wa tumbo moja wote wapimwe. Akasema atakuja hospitali ya Tumbi akishamaliza kupanda. Nikamwambia kaka yake naye alikuwa anasubiri likizo. Akarudi kugeuza nyama yake.

Mama mkwe alikuwa ametuona. "Na huyu naye unataka kumnyima?" aliuliza, kwa sauti ya kuwatosha majirani.

Leo asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia kuku. Nikamwambia Elia, mbele yake, kwamba sitoki Chole bila yeye, na nikaketi juu ya begi langu mlangoni. Aibu gani, mjane kumng'ang'ania shemeji siku moja baada ya arobaini! Najua watakavyosema. Elia akaingia ndani kuchukua shati.

Mama mkwe alimfungia nyama iliyobaki kwenye ndoo, asije akashinda njaa kwangu.

Sasa Elia yuko sebuleni, kalala kifudifudi kwenye mkeka, amenuna. Nimempikia mchicha. Ameuliza nyama yake iko wapi, nikamwambia iko kwenye friji na haitakimbia.

Kesho asubuhi namfikisha Tumbi. Ikiwa ni bawasiri, nitamchomea hiyo nyama mwenyewe, aipeleke Chole, awaambie wote kwamba shemeji yake ana wazimu. Mama mkwe anicheke mpaka achoke.

Mungu wangu, naomba nichekwe.