Dama Amerudi Kuvaa Plastiki ya Meno

Baba Dama,

Hapa Tezo hatujambo, ila nyumba imekuwa kimya. Mahindi yameota, na mbuzi wako mweusi amezaa. Lakini leo nakuandikia sababu ya meno ya mtoto.

Unakumbuka alipotolewa nyaya za meno akapewa ile plastiki ya kushikilia meno, wanaiita ritena. Basi matangani shangazi zako walimwona akiihangaisha kwa ulimi wakasema, "Huyu anamlilia baba yake ama anamumunya peremende?" Akaona haya, akaitoa. Nikaifunga kwenye pindo la leso, nikaisahau. Mambo yalikuwa mengi, mume wangu. Watu wamejaa uani, na wewe umelala ndani.

Matanga yalipokwisha akaivaa tena. Ikambana mpaka machozi, na ukingo wake ukamchubua ufizi, hata uji hauteremki. Nikamwambia, itoe mama, upumzike. Kumbe kila akipumzika, akiirudisha inabana zaidi. Nikaingiwa na hofu. Meno yale yakirudi yalivyokuwa yamepandana, nitakwambia nini mimi? Wewe ndiye uliyehangaika nayo.

Nikampeleka Kilifi. Daktari, msichana mdogo tu, hakunigombeza. Alisema inabana kwa vile ilikaa nje na meno yamesogea kidogo, kwa hiyo dawa ni kuivaa, si kuivua. Pale penye makali akapasugua pakawa laini. Asukutue kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, ale vitu laini kwanza, na plastiki tuioshe kwa maji baridi. Vizuri niliuliza, maana nilitaka kuichemsha kama chupa ya mtoto mchanga. Ingepinda yote.

Najua ungenicheka. Ulikuwa ukisema, "Mama Dama, huruma yako itamwachia mtoto mwiba mguuni."

Juzi alinililia tena niitoe. Moyo uliniuma, karibu nikubali. Nikamwambia, hapana mama, nikamponda viazi, nikakaa naye mpaka akanyamaza.

Leo asubuhi amesema haibani sana, ila maneno yanamtoka ovyo. Akajaribu kusema "sisi sote", mate yakanirukia usoni. Akacheka. Baba Dama, hajacheka tangu tukuzike. Nami nikacheka, uso haujafutwa.

Pumzika, mume wangu. Siku atakayolia tena nitakaa naye, lakini sitaitoa.

Mimi,
Mama Dama