Waulize Kuhusu Mnazi

Mjukuu wangu Mwanasha, mke mwenzangu,

Salamu kutoka Likoni. Sisi wazima, alhamdulillahi. Babu yako angali anakohoa na angali hataki dawa.

Unaniuliza kama wanawake wa huko mkubali kulima mahindi katikati ya miwa ya kampuni, bila kodi. Nilipokuwa msichana tulikaa kando ya shamba la mkonge. Nyapara akaja kumwambia mama yangu, "Limeni mihogo kwenye mistari, mama. Bure."

Wanawake wenzake mama wakapiga vigelegele. Mama akauliza, "Na mnazi je, nipande?"

"Mnazi wa nini? Mihogo haikutoshi?"

"Wajukuu zangu watataka madafu."

Nyapara akacheka, akatikisa kichwa kukataa. Huku kwetu mnazi ni wa aliyeupanda, hata ardhi iwe ya mwingine, naye alilijua hilo. Mama akarudi nyumbani na jembe lake. Wenzake walilima, na magugu ya mkonge wakayapalilia wao. Mkonge ulipokua, wakaambiwa watoke.

Simhukumu mtu, ya moyoni ayajua Mungu. Ila hao watu wa kampuni wakija, shika mche wa mnazi mkononi, uwatazame nyuso.

Nakuombea kila swala,
Bibi yako