Kaseti ya Nane

Jumamosi, 2 Agosti 1986

Mjomba Akida kafungua ukumbi wake wa video! Buseresere nzima imehamia kwenye ghala lake la chumvi. Kaziba madirisha kwa magunia, jenereta inanguruma nje. Ni mchezo wa televisheni kutoka Ulaya, kaseti nane, mbili kila Jumamosi. Kiingereza kitupu. Kwa hiyo mimi, Zuleha wa kidato cha nne, nimesimamishwa kando ya televisheni nieleze.

Hadithi yenyewe: mji mdogo kando ya mto. Mtu anagongewa ukuta mara tatu. Kesho yake hayupo. Na kila mara kuna bibi mmoja amekaa dirishani, hasemi kitu.

Uzuri wake: hawakuonyeshi kinachogonga. Mlango unafunguka taratibu, basi. Nywele zilinisimama. Ubaya: watu wale hawana kazi hata mmoja! Na wakisikia kitu chini ya nyumba wanashuka na mshumaa, mmoja mmoja. Sisi tungeita majirani kwanza.

Jumamosi, 9 Agosti

Kaseti ya tatu na ya nne. Mwigizaji wa yule aliyepotea siku ya kwanza nimemwona leo, kabandikwa masharubu, anauza samaki! Nikanyamaza nisiwaharibie wenzangu.

Bibi Limi, jirani yangu, naye alikuja. Mwaka jana aliniuguza malaria, nilikula uji wake wiki mbili. Macho yake mekundu siku zote, kuni ni shida, anapikia samadi kavu, moshi unamwasha; wasiojua huyaita macho ya mchawi. Bibi wa kwenye kioo cha televisheni alipotokea, wanawake wawili waligeuka nyuma wakamtazama. Wakasogeza mkeka wao mbele. Nimeliona hilo, sikulijali.

Jumamosi, 23 Agosti

Kaseti ya saba imekwisha — ya nane haipo! Imebaki Mwanza. Watu wamegoma kutoka.

Huu ndio ubaya mkubwa wa mchezo wenyewe: kaseti saba, na bado haumtaji anayegonga. Wenyeji wake pengine wanaweza kulala hivyo. Sisi hapana. Mabula, mkulima wa hapa mjini, akapaza sauti: dada Zuleha, maneno yao unayajua, tuambie ni nani!

Picha ya mwisho ilikuwa yule bibi. Nikasema: ni yeye, kakiri mwenyewe.

Hakukiri chochote. Hakufungua hata mdomo. Mama mmoja akamfunika mwanawe macho. Humu daftarini nisijidanganye: nilifurahi. Sijawahi kusikilizwa namna ile.

Jumatano, 27 Agosti

Maganga, mdogo wake Mabula, hayupo.

Juzi alisimulia dukani kwamba kagongewa ukuta mara tatu. Tukacheka, hata mimi. Jana asubuhi kaondoka na baiskeli kwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu. Hakufika. Baiskeli imekutwa kando ya barabara, imeegemezwa mtini vizuri, chakula bado kimefungwa kwenye kitambaa. Hakuna damu. Hakuna nyayo za kuondoka.

Ijumaa, 29 Agosti

Mchana, saa nane. Nilikuwa nachambua mchele. Ukutani — mara tatu. Nikatoka mbio. Upande ule hakuna mtu, hakuna mbuzi, jua tu. Sijamwambia mtu yeyote.

Nikaenda kwa Bibi Limi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hivi watoto wamekuwaje? Hawanisalimu. Jana mmoja kanirushia jiwe."

Zamani alikuwa akikaa nje, kizingitini. Sasa kajificha ndani, anachungulia dirishani. Dirishani! Nilitamani nimwambie ahame pale, nikashindwa kueleza kwa nini.

Jumapili, 31 Agosti

Nimekwenda kwa Mabula nikamweleza ukweli. Nilitunga. Bibi wa kwenye kioo hakusema neno.

Akaniangalia kwa huruma. "Dada, Bibi Limi kakutisha. Nyumba zenu zimepakana, tunaelewa. Usiogope." Kisha akasema wazee wamekubaliana kuisubiri kaseti ya mwisho. Ikisema ni bibi, hawatauliza tena.

Nikauliza watafanya nini. Akaendelea kunoa panga lake la shamba.

Alhamisi, 4 Septemba

Imekuja na basi la Mwanza. Utingo kaitangaza stendi nzima kabla sijaishika!

Tumeitazama mimi na mjomba, mlango umefungwa. Yarabi! Mji umebaki mtupu. Milango yote wazi, meza zimeandaliwa, hakuna wa kula. Bibi yuko dirishani. Ukuta wake unagongwa. Anainuka, anatugeukia, anatutazama sisi, muda mrefu. Kwisha. Hakuna neno.

Ni mwisho mzuri kuliko yote niliyopata kuiona. Na mimi nauchukia. Nilikuwa nangoja sentensi moja tu ya kumwokoa Bibi Limi, wamenipa kimya.

Mjomba anasema tuichome. Tukiichoma watasema tunamficha Bibi Limi.

Nitawaambia nini?

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika nyumbani kwa Bibi Limi, mlango una komeo. Jua linazama.

Ghala lilijaa mpaka nje. Kumbe Bibi Limi naye alikuja, kakaa palepale nyuma, peke yake. Nikadanganya tena, mara hii kwa moyo wote. Picha ilipofika pale bibi wa kwenye kioo alipotugeukia nikasema: anasema, mimi ndiye niliyekuwa nawalinda, mlinionea bure. Nililia kweli nikisema. Wengine wakalia.

Mabula akasimama. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kwanza ulisema ni yeye. Ukaja kwangu ukasema hakuna kilichosemwa. Leo alikuwa mlinzi. Haya, tumekubali, si bibi. Basi ni nani? Kila neno tulilolijua humu limetoka kwako. Kabla hujatueleza, hakuna mtu hapa aliyewahi kugongewa ukuta."

Na ni kweli. Hakuna aliyegeuka kumtazama bibi. Walinitazama mimi, wote. Aliyenishika mkono akanipitisha katikati yao ni Bibi Limi.

Sasa anachochea moto kama jioni yoyote. Moshi umejaa, macho yananiwasha. Nje kuna miguu, mingi. Mjomba anabembeleza, wanamwambia akae pembeni. Wanaita jina. Langu, si lake.

Bibi kaweka mwiko chini.

"Mjukuu wangu, kwenye ile sinema, yule mwenzangu alisema nini hasa?"

"Hakusema kitu, bibi."

"Basi na wewe leo usiseme. Nitasema nao mimi."

Kajifunga kanga kiunoni. Anakwenda kuondoa komeo —