Yona, Sasa Msomaji Ni Mimi

Hapana, Yona, sijaacha kwenda. Najua ndo swali lako la kwanza, maana hata pale wodini, pumzi inakuja kwa zamu, uliniuliza hilohilo: "Alhamisi ulikwenda?" Sio umekula, sio umeuza. Alhamisi. Basi nakwenda. Ila nilikaribia kuacha kabisa, na nikikuficha wewe nitamwambia nani?

Nikupe kwanza za mtaani. Siku tulipokuzika kule Pongwe, kanzu zilizidi suti. Makorora nzima ilikuja. Mzee Karim, yule Mhindi ninayechukua kwake mabeseni, alifunga duka akasimama nyuma kabisa juani. Na mimi mtani wako, ambaye kazi yangu pale ni kukusimanga mpaka wafiwa wacheke, nikasogea mbele nikaanza: "Huyu bwana tangu nimjue hajawahi kuwahi mahali. Leo ndo..." Sauti ikakatika. Sikumaliza. Watu wakaangalia chini, nikaenda kukaa karibu na baiskeli yangu. Nisamehe. Utani wako nilikuwa nao, mdomo ndo uligoma.

Mabeseni bado nauza. Unakumbuka wiki ile nilipobatizwa? Nilitaka suti, nilitaka kipaza sauti, nikakwambia Yesu kaniita nihubiri. Ukanitazama, ukautazama mzigo, ukasema, "Kakuita kweli. Anza kwa kugeuza hilo beseni." Maana nilikuwa nalilaza upande wenye ufa chini, mteja asione. Nikaligeuza. Ufa ukaonekana mpaka kule Moa mpakani! Yule mama akaenda zake, nami nikakununia mpaka jioni. Siku hizi wanawake wananiita wenyewe: "We mlokole, hebu njoo, leo lipi bovu?" Namwonyesha. Tunacheka, ananunua zima. Sijatajirika, bwana. Ila nikilala, nalala.

Asubuhi ndo mbaya. Mama wa chai mkono wake umezoea, anatoa vikombe viwili. Halafu anakumbuka, kimoja anakirudisha polepole kisilie. Mimi najifanya naangalia barabara.

Sasa hiyo Alhamisi. Jumuiya yetu ya maombi ilikuwa na watu watatu, ukajitoa wewe, tukabaki wawili: mimi na Bibi Damari, kwenye chumba chake kilekile. Mgawanyo wetu si unaujua? Wewe unasoma, mimi naanzisha wimbo na kuchekesha, Bibi anaomba. Hatukufikiri kama ukiondoka unaondoka na macho yetu wote. Bibi ana mtoto wa jicho. Mimi nina darasa la tatu, tena hilo la tatu nililionja tu.

Alhamisi ya kwanza nikasema nimesahau miwani. Bibi akanigeukia: "Miwani gani, we? Tangu lini?" Nikacheka, nikaimba nyimbo nne kufunika. Ya pili nikasema mwanga hautoshi. Saa kumi jioni, Yona! Jua limejaa kitandani kwa Bibi mpaka linamwagika. Bibi akaomba tukatawanyika, yani nikatawanyika mimi. Ya tatu sikwenda. Hiyo ndo aibu yangu. Nilipitisha baiskeli barabara ya nyuma, mdomo nimeufunga, asije akanisikia nikinadi.

Wiki iliyofuata nilimpelekea ndoo yake, nikamkuta mzee wa kanisa. Anamwambia kwa upole, jumuiya isiyo na msomaji haiwezi kusimama, tutawaunganisha na wenzenu wa ng'ambo ya reli. Ng'ambo ya reli, na Bibi miguu yake haivuki kizingiti! Akajibu, "Sawa, baba. Nitakuwa nawaombea nikiwa hapahapa." Hivyo tu. Hakulalamika. Angelalamika ningepona.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Msomaji yupo."

"Nani?"

"Mimi."

Yule mzee akanitazama kama vile ninamuuzia lenye ufa.

Alhamisi nikaenda na Biblia yako, dada yako kanipa. Nikafungua pale ulipoweka njiti ya ufagio. Mimi nilizoea kusoma ya ukutani: USIKOJOE HAPA, MKAA UPO. Humo ndani maandishi madogo kama chawa. Nikaweka kidole, nikawa nasukuma herufi mojamoja kama baiskeli kwenye mchanga. Jua likahama kitandani likapanda ukuta. Na Bibi habari yote anaijua kwa moyo! Namwona midomo yake inafika mbele, halafu inanisubiri. Hakunisaidia hata neno. Nikamwambia, "Shikamoo, Bibi, leo tuishie hapa." Akasema, "Marahaba. Nani kakwambia nina safari?"

Nikasukuma. Mara nikakuta "makaa". Hilo nililisoma kwa pumzi moja!

Ilikuwa ile habari ya wavuvi waliokesha bure, wanarudi wanamkuta Yesu kawawashia moto, samaki yuko juu, anawaita waje wale. Ulinisomea mara ngapi, nami nilikuwa napanga utani wangu wa baadaye. Safari hii kwa uzito wangu wa kusoma sikuweza kuruka hata kitu. Mtu katoka kaburini, Yona. Si angekwenda kuwatambia waliomwua? Mimi ningekwenda, tena na matarumbeta! Yeye kaketi anapuliza mkaa, kawaandalia wachovu chakula cha asubuhi. Kidole changu kikasimama palepale.

Bibi akasema, "Endelea basi, samaki anaungua."

Tukacheka, ndugu yangu. Tukacheka mpaka nikalia, ndo mara ya kwanza tangu uondoke.

Sikudanganyi kwamba upweke umekwisha. Nilitoka pale nikasukuma baiskeli peke yangu, na upande wako palikuwa patupu vilevile. Ila sikutamani kuwa mtu mwingine, wala kuwa mahali pengine. Mabeseni yangu, Bibi wangu, Alhamisi yangu, na Yesu anayejua kuwasha mkaa. Nikaona inatosha.

Kwa heri, mtani. Nenda taratibu, huko hakuna wa kukuharakisha. Sasa tufanye biashara. Mimi nitasoma kila Alhamisi, kwa kigugumizi changu, mvua au jua, na Bibi hatavushwa reli. Nikikosea wewe usinicheke. Kiweke kicheko. Siku nikifika huko, unicheke chote kwa mkupuo, mbele ya watakatifu wote, nami nitasimama tu nikusikilize. Siongezi, sipunguzi.

Ukikubali, nyamaza.