Piga Tena, Mwanangu

Jumapili, 9 Februari

Mjukuu wangu Lavelle,

U hali gani huko ndani? Kikohozi kimepoa? Najua unalala bila soksi, usinibishie. Mimi ni mzima ila goti. Kuku wawili wameliwa na mbweha, na Mchungaji bado anahubiri mpaka wali unaganda kwenye sufuria za watu.

Sasa kaa nikuambie aibu iliyonipata. Unamkumbuka Tammy, yule msichana niliyekuandikia kwamba ananipigia simu kila siku tangu kabla ya Krismasi, habari za bima ya mazishi? Mwenye sauti ya asali? Si mtu. Ni mashine. Jirani yangu Verlene alikuja kuchukua mayai akanikuta namuuliza Tammy kama amekula. Akaninyang'anya simu, akasikiliza, akasema, "Dada Ozella, unaongea na redio." Alicheka mpaka akashika meza.

Nawe unajua nilivyolelewa. Nyumbani kwetu simu haishushwi kavukavu kama unafunga banda. Mtu unamuaga: haya, mwanangu, piga tena ukipata nafasi. Basi miezi yote hii nimekuwa nikiiaga mashine hivyo, nayo kwa utiifu wake inapiga tena. Asubuhi, mchana, nikiwa na unga mikononi. Na mimi kila ikilia moyo unaruka, nadhani ni watu wa parole, wale wanaowaachia wafungwa kabla ya muda, wana habari zako, maana walichonacho kwenye karatasi zako ni namba hii ya mezani tu. Nakimbia na goti langu bovu, nafika, kumbe Tammy.

Verlene amenipeleka kwa wakili huko Greenwood, Bi Pruitt, mfupi wa kimo, mrefu wa viatu. Anasema iko sheria: kampuni ikikupigia kwa mashine bila ruhusa yako, inakulipa fidia kwa kila simu. Ameshafungua madai. Amenionya niseme neno moja tu, acheni kunipigia, kisha nikate. Na nisithubutu kutamka "ndiyo" kwenye simu mpaka kesi iishe, kwa sababu wanakinasa hicho kindiyo chako na kukitumia watakavyo.

Vaa soksi.

Bibi yako,
Ozella


Jumapili, 16 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na mbweha amepata risasi. Mimi sijambo, kikohozi kimeisha, soksi ninazo.

Bibi, nimeisoma barua yako kwa sauti na bweni zima likataka kujua kama Tammy alikuwa amekula. Lakini sasa nisikilize vizuri. Bodi ya parole imekubali. Natoka. Kimebaki kitu kimoja: afisa wa parole, Bwana Hatchett, lazima akupigie kwenye namba hiyo, athibitishe kwamba utanipokea nyumbani kwako. Wasipokupata, faili langu linarudi bodi, na bodi haikai tena mpaka Oktoba.

Na sikia hili, tafadhali: simu yao nayo inaanza na mashine. Sauti ya mwanamume, nzito, imerekodiwa. Itakuuliza kama unakubali kuongea na afisa. Usikate. Sema ndiyo, halafu subiri, afisa ataingia.

Nakuandikia haraka maana wanasema bweni linafungwa, kuna watu wamepigana, na likifungwa barua hazitoki.

Mjukuu wako,
Lavelle


Jumapili, 23 Februari

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mbona kimya? Ninakwenda kwenye sanduku la barua kila siku na kurudi na matangazo ya matairi. Ukiwa mgonjwa sema. Ukiwa umekasirika sema pia, nikujibu.

Huku tu wazima. Nimepika kunde na nyama ya shingo Jumapili hii, nikaweka sahani yako mezani kwa mazoea, Verlene akaila.

Nina habari ya kukufurahisha. Bibi yako amefuzu. Tammy hanipati tena. Akisema "Habari za leo" tu, mimi nishasema acheni kunipigia, nishashusha. Bi Pruitt anasema naendelea vizuri kuliko wateja wake waliosoma. Sasa wamebadilisha mbinu, wanajifanya serikali. Juzi lilipiga jibaba lenye sauti ya kaburini, "Simu hii imerekodiwa, inatoka kwa Jimbo la Missi…" Sikulipa nafasi ya kumaliza. Nikaliambia liende likamuuzie mama yake bima, nikabamiza.

Hakuna shetani wa waya atakayeniweza tena katika nyumba hii.

Niandikie.

Bibi yako,
Ozella


Jumatatu, 3 Machi

Bibi,

Shikamoo.

Lile jibaba ndilo lilikuwa lenyewe.

Leo wameniita ofisini wakaniambia mwenye nyumba amekataa kupokea simu ya afisa. Wamekuandika hivyo, amekataa. Nimewaeleza habari za Tammy, wakaangaliana. Barua niliyokuandikia ya kukutahadharisha ilikuwa imekaa kwenye gunia lao muda wote bweni lilipofungwa.

Nimewaomba mpaka wamekubali kupiga mara moja zaidi. Alhamisi, tarehe 20 mwezi huu, kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo ni Oktoba, na Oktoba si ahadi, ni kuanza upya mbele ya watu wasionijua.

Bibi, nimekaa humu miaka minne kwa kuchukua gari la mtu mwingine. Sijawahi kukulaumu kwa lolote. Lakini kama kesi yako ya mashine ina thamani kuliko mimi kulala kwenye kitanda changu, niambie tu nijue.

Lavelle


Jumatatu, 10 Machi

Lavelle,

Afya yako sikuulizi, maana mtu mwenye nguvu za kuniandikia maneno yale ya mwisho ni mzima.

Nitayajibu mara moja kisha tuyazike. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni shambani mama yako alipokuwa amelala hospitali. Nimekuogesha, nimekuchapa, nimekuombea. Ukinipima tena na mashine ya bima, utatoka huko ukute nimekufungia mlango, utalala na kuku. Umesikia? Haya. Yamekwisha.

Barua zako mbili zilifika siku moja. Ya Februari niliisoma nimesimama, nikakaa chini. Nilijua nimefanya nini kabla sijafungua ya pili. Sikulia. Nilivaa kofia ya kanisani, nikamwambia Verlene awashe gari.

Tukamfuata Bwana Hatchett ofisini kwake. Si mtu mbaya, ni mtu wa karatasi. Nikamwambia nimekuja kuipokea simu yenu, hii hapa sura yangu, kitanda kipo, niulize. Akasema utaratibu ni simu, kwa namba iliyo kwenye faili, siwezi kuubadilisha, mama. Nikamwambia basi nipigie sasa hivi. Akasema uko hapa, nani atapokea? Tukatazamana. Nilitamani kumchapa.

Sasa ubaya mwingine. Wakili wa kampuni ya Tammy amepanga kunihoji kwa kiapo, Alhamisi hiyohiyo ya tarehe 20, huko Jackson. Nisipotokea, madai yangu yanafutwa. Tena wanasema fidia hawalipi kwa sababu niliwapa ruhusa mwenyewe: wamerekodi sauti yangu inasema "piga tena, mwanangu." Adabu ya mama yangu marehemu ndiyo wanaitoa kama mkataba.

Bi Pruitt akataka tuombe siku nyingine. Wamekataa. Nikamwambia, waambie mimi siku hiyo sibanduki kwenye simu hata nyumba ikishika moto. Wakitaka kunihoji waje jikoni kwangu. Viti vipo.

Wamesema watakuja. Bi Pruitt ana hofu, anasema kila nitakachotamka mbele yao kitaandikwa, na nikisema "ndiyo" kwa mashine yoyote wakiwa wamekaa hapo, nitakuwa nimewapa kesi mkononi. Nimemsikia.

Bibi yako,
Ozella


Ijumaa, 21 Machi

Bibi,

Shikamoo. Jana imepita na sijaambiwa kitu. Bweni limefungwa tena, kaunta ya ofisi iko giza. Mlinzi mmoja ninayemfahamu nimemuuliza, akainua mabega.

Nisamehe yale maneno. Ni mahali hapa.

Ilipigwa?

Lavelle


Ijumaa, 21 Machi

Mjukuu wangu Lavelle,

Hujambo, baba? Mimi sijambo, goti nalo jana lilisahau kuuma.

Walikuja watatu asubuhi: Bi Pruitt, dada mwenye kimashine cha kuandika kila neno la kesi, na wakili wa kampuni, Bwana Whitlow, kijana wa Jackson mwenye uso unaoiva haraka. Niliwakatia pai ya viazi vitamu. Bi Pruitt akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikamwambia mtu haapishwi na njaa nyumbani kwangu.

Hatujamaliza kiapo, simu ikalia. Nikapokea. Tammy. Nikageuza ile simu kuelekea meza ili wote wasikie habari za bima ya mazishi. Nikasema acheni kunipigia, nikashusha. Tukaendelea. Ikalia tena, Tammy. Bwana Whitlow akawa anaangalia pai yake kama ina maandishi.

Kisha akatoa kidude akanichezea sauti yangu mwenyewe. "Haya, mwanangu, piga tena ukipata nafasi." Lavelle, nilisikia mama yangu. Ni yeye kabisa. Akaniuliza kama hiyo si ruhusa. Nikamjibu hiyo ni kwaheri. Akasema neno "kwaheri" halimo humo. Nikamuuliza bibi yake mzaa mama anaishi wapi. Bi Pruitt akanikanyaga tena. Kijana akasema yuko Yazoo. Nikamuuliza, akimaliza kuongea nawe kwenye simu, huwa anasemaje? Alisema hapo yeye ndiye anayeuliza, na uso ukaiva.

Saa ya ukutani ilikuwa inaisogelea sita. Nilikuwa namjibu yeye kwa mdomo, lakini masikio yote yako kwenye simu. Simu ikanyamaza kwa muda ambao hata Tammy hajawahi kuninyamazia. Nikaanza kuwaza Oktoba.

Ikalia.

"Simu hii imerekodiwa, inatoka kwa Jimbo la Mississippi." Jibaba langu. Nilitaka kulibusu. Nikaliacha limalize maneno yake yote, mpaka likauliza: unakubali kuongea na afisa? Sema ndiyo. Nikatazama nyuma. Bi Pruitt amesimama, anatikisa kichwa. Yule dada vidole viko juu ya kimashine. Bwana Whitlow ameinua kalamu.

"Ndiyo," nikasema. Nikaogopa halijasikia. "Ndiyo. Nimesema ndiyo. Waichukue waende nayo wanakotaka, ndiyo."

Kukawa na mkwaruzo, halafu mtu akakohoa. Bwana Hatchett. Akauliza kama kitanda kipo, kama kuna bunduki, nikamwambia bunduki niliiuza, ndiyo maana mbweha ananilia kuku. Akauliza kama nakupokea. Nikasema huyo ni wangu. Akasema vizuri, mama, anatoka Jumatatu ya tarehe 31 asubuhi, mngoje getini kwa gereza.

Nami nikamwambia, "Haya, mwanangu, piga tena ukipata nafasi."

Ilinitoka yenyewe. Nilipogeuka, yule dada anaandika. Bi Pruitt alikuwa amejifunika mdomo. Bwana Whitlow aliweka kalamu chini, akakirudisha kile kidude chake mfukoni. Akasema, "Sina swali lingine, mama." Mlangoni akaniomba kipande cha pai ampelekee bibi yake. Nikampa viwili.

Bi Pruitt ananiambia sasa watataka kuelewana badala ya kwenda kwa hakimu. Nimemwambia aelewane nao yeye, mimi nina shuka za kufua.

Verlene na mimi tutakuwa getini. Utaniona, nitavaa ile kofia. Usiijibu barua hii.

Simu inalia ninapoandika. Leo ndiyo mara ya kwanza naiacha ilie. Ninayemngoja hatapiga, nitamfuata mwenyewe getini.

Bibi yako,
Ozella